Umri wa Uraka

Kuna watu duniani ambao wakiletewa kinywaji huuliza kina miaka mingapi. Kwetu Masasi na Newala, msimu wa korosho unapofika, swali ni hilo hilo ila kipimo ni kingine: huulizwa uraka umekamuliwa lini, asubuhi hii au jana. Anayeuliza hatafuti habari za kale. Anataka kujua kama amewahi mno, amefika kwa wakati, au amechelewa. Uraka uliokamuliwa alfajiri bado ni maji ya tunda, na mtoto akipewa kikombe hakuna atakayegomba. Ufikapo alasiri umekwisha kuwa pombe. Kesho yake ni pombe ya wenye kinywa kigumu, na keshokutwa, kama haukupata mnywaji, ni siki. Maisha yake yote ni siku tatu.

Swali ninalotaka kuliuliza katika kurasa hizi pengine litawachekesha wenzangu wa Lupaso: je, uraka ungeweza kuzeeka? Na kama haukuweza, je, kosa ni la asili yake, au kuna mkono wa historia?

Kwa faida ya msomaji asiyewahi kufika kusini, niseme kwanza habari ya tunda lenyewe. Korosho anayoijua yeye, ile ya kukaangwa, huning'inia chini ya bibo, nalo bibo ni bua la ua lililovimba likawa mfano wa tunda, jekundu au la manjano, lenye maji mengi, tamu, lakini lenye ukakasi unaokausha ulimi na kukereketa koo. Uzito wa bibo ni mara tano hadi kumi ya uzito wa korosho yake. Likianguka chini halimalizi siku mbili kabla ya kuoza. Basi kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba mpaka karibu na mwisho wa mwaka, chini ya kila mkorosho kuna kazi mbili: kuokota korosho, ambayo ni ya serikali, chama cha ushirika na mnunuzi wa kutoka mbali, na kuokota mabibo, ambayo mara nyingi ni ya akina mama na watoto. Mabibo hutwangwa au kukamuliwa kwa mikono, maji yake huchujwa, hutiwa mtunguni au ndooni, na hayaongezwi kitu. Hamira haihitajiki, kwani chachu imekaa tayari kwenye ngozi ya tunda.

Mama yangu mkubwa, aliyeolewa Lupaso na kuzeekea huko, alikuwa na ndoo nne au tano kwa siku katika miezi hiyo. Saa nne hivi alizipitia zote kwa kata. Alichota kidogo, akaunusa, akautia kinywani bila kuumeza, akaubandika ulimi kwenye kaakaa na kutulia kitambo. Kisha akatema, akasogea kwenye ndoo ya pili. Alikuwa pia na tabia ya kuinamisha sikio, maana uraka unaochacha una sauti, kama mvua ndogo juu ya majani. Mwisho alipanga: ndoo hii iende kilabuni mchana huu, ile ingoje jioni, na ile ya pembeni ifunikwe, ndiyo ya kesho kwenye gulio. Wateja wake walijua kwamba ndoo ya gulio haikuwa makombo ya jana. Ilikuwa imechaguliwa tangu asubuhi ya siku iliyotangulia kwa sababu ilikuwa na nguvu ya kufika.

Kanuni yake ilikuwa kinyume na mtu angavyodhani. Uraka uliokuwa mtamu na laini kuliko wote asubuhi hakuuamini hata kidogo. Huo aliuza kwanza. Ulitoka katika mabibo yaliyoiva kupita kiasi, yaliyolala chini usiku kucha, na kabla ya jua kuzama ulikuwa umelegea na kunuka. Aliouwekea matumaini ni ule uliomfanya akunje uso: mchachu kidogo, wenye ukakasi, uliotoka katika mabibo yaliyoanguka alfajiri ile ile yakiwa bado magumu. Huo ulikuwa mbaya saa nne, wa kuvumilika saa tisa, na mzuri kesho yake. Aliyeuonja asubuhi na kuutia dosari alikuwa amesema kweli juu ya asubuhi, wala hakuwa amesema lolote juu ya kesho.

Nimeitaja kanuni hiyo kwa kirefu kwa sababu miaka mingi baadaye niliikuta tena, karibu neno kwa neno, katika maandishi juu ya kinywaji ambacho hakuna aliyewahi kukileta Lupaso kwa mtungi, nacho ni shampeni. Kabla ya kufika huko, lakini, turudi nyuma kidogo, kwani mkorosho wenyewe ni mgeni kwetu.

Asili ya mti huu ni kaskazini-mashariki ya Brazili. Wareno waliuleta Afrika ya Mashariki na India katika karne ya 16, na majina yake bado yanatoa ushahidi: mkanju wa pwani ya kaskazini ni kaju ya Wareno, nayo kaju imetoka katika lugha ya Watupi, wenyeji wa pwani ya Brazili. Watupi hawakungoja Mzungu awafundishe cha kufanya na bibo. Mfaransa André Thevet, mtawa aliyefika huko katika miaka ya 1550, aliandika habari za mti huo na kuchapisha picha ya watu wakiyachuma na kuyakamua mabibo. Tena katika lugha yao neno la mkorosho na neno la mwaka lilikuwa moja, maana msimu wa mabibo ndio uliohesabu umri. Mtu aliweza kuweka korosho moja kila msimu, na akiulizwa miaka yake akazihesabu. Kwamba tunda lisiloweza kukaa siku mbili ndilo lililopewa kazi ya kutunza hesabu ya miaka, hilo limenifurahisha kila ninapolikumbuka. Bila shaka aliyehesabiwa ni korosho, si bibo. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata kwetu, kama nitakavyoeleza.

Neno uraka nalo limesafiri. Waarabu huita jasho araki, na kwa kuwa pombe ya kukenekwa hutona kama jasho, jina hilo limeenea toka Bahari ya Shamu mpaka visiwa vya mashariki ya mbali. Huko Goa, India, koloni la Wareno mpaka mwaka 1961, watu hukeneka maji ya mabibo yaliyochacha. Tone la kwanza, ambalo si kali sana, huliita urrak, hulinywa msimu ule ule na hawaliweki. Likikenekwa tena ndipo wanapopata feni, kali na yenye kukaa. Sisi tunaita uraka hata maji ambayo hayajaona moto. Mimi naona ni neno moja lililopanda merikebu moja na mti wenyewe, likashuka bandari mbili likapewa kazi mbili. Lakini tazama tofauti hii: mwaka 2009 serikali ya India iliipa feni ya Goa ulinzi wa kisheria wa jina, kwamba asiyekuwa wa Goa asiite chake feni. Uraka haujapata mlinzi wa namna hiyo.

Kwa nini uraka ulishika mizizi namna hii juu ya uwanda wa Makonde? Wengi hujibu kwamba mikorosho ni mingi, basi. Mimi naongeza sababu nyingine ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha, nayo ni maji. Aliyesimama Newala pale Shimo la Mungu na kutazama bonde la Ruvuma chini yake anajua kwamba juu ya uwanda hakuna mto wala chemchemi. Ardhi ya mchanga inaimeza mvua yote, na vizazi kwa vizazi wanawake wameshuka miteremko mikali kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Pombe ya mtama inataka maji tangu kulowesha kimea mpaka kupika. Uraka hautaki hata kata moja. Tunda limebeba maji yake lenyewe, tena linazaa mwishoni mwa kiangazi, wakati visima vimekauka. Mwanamke aliyelinganisha kushuka bondeni mara tatu na kuokota mabibo nyuma ya nyumba hakuhitaji mwalimu wa uchumi.

Sasa, kinywaji cha pekee chenye umri kilichowahi kufika vijijini kwetu kwa njia ya heshima kilikuwa cha altareni. Masasi ilipata misheni ya Waanglikana mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Wabenediktini Wakatoliki wakafuata upande wao, Lukuledi na Nyangao, na baada ya Vita vya Maji Maji wakajenga Ndanda. Divai ya misa ilikuja kwa meli na kuchukuliwa vichwani kutoka pwani. Kiswahili kilikuwa na neno mvinyo tangu siku za Wareno; divai ni la Kifaransa, limetoka kwa mapadre wao. Kanisa Katoliki linaamuru mpaka leo, katika kanuni ya 924 ya sheria zake, kwamba divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Hebu fikiri kazi iliyompata padre wa Lupaso katika joto la Novemba: kuonja na kuamua kama divai yake bado ni divai au imekuwa siki. Mama mkubwa angemsaidia, lakini sidhani kama aliwahi kuombwa.

Tukiifuata divai hiyo kwao tunafika Ufaransa, na katika jimbo la Champagne tunakuta kinywaji ambacho umri wake umefanywa elimu kamili. Zabibu huvunwa Septemba. Maji yake huchacha na kuwa divai isiyo na povu, nayo huonjwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata na watu wachache wenye kazi hiyo. Wanayoionja si tamu hata kidogo. Ni chachu ya kuumiza ufizi, maana Champagne iko kaskazini, ni nchi ya baridi ambako zabibu huiva kwa shida. Ndipo wanapoamua: hii ichanganywe na akiba za miaka iliyopita iuzwe mapema, au mwaka huu umefaa kubeba jina lake peke yake? Ikichaguliwa ya mwaka mmoja, hutiwa chupani pamoja na sukari na chachu kidogo ichachuke mara ya pili humo humo, na hapo ndipo mapovu hupatikana. Na sheria yao inakataza kuiuza kabla ya miaka mitatu. Iliyo bora huwekwa kumi, ishirini, thelathini.

Waonjaji hao hutafuta nini kinywani? Uchachu kwanza. Ile tindikali inayokunja uso ndiyo mgongo wa kinywaji. Ndiyo inayozuia vijidudu na kuchelewesha uchovu. Mwaka wa joto kali, kama 2003, zabibu zilikuwa tamu na tindikali ilikuwa haba, na nyumba nyingi za huko hazikutoa shampeni ya mwaka huo kwa jina lake. Mwaka 1996 ulileta utamu na uchachu mkubwa kwa pamoja, jambo la nadra, na wengi walitabiri kwamba ungedumu vizazi. Ubishi kama ulitimiza ahadi haujaisha miongoni mwao. Msomaji ameona mwenyewe: ndoo laini iuzwe leo, ndoo iliyokunja uso ingojee. Mfaransa na mama mkubwa wa Lupaso walikuwa na kanuni moja. Mmoja alitabiri miaka ishirini, mwingine saa ishirini, na sioni kwa nini tuseme ulimi wa kwanza ulikuwa na elimu na wa pili ulikuwa na mazoea tu. Kama kuna tofauti ni kwamba mama mkubwa alijua kesho yake kama alikosea, wakati Mfaransa huweza kufa kabla ya kuumbuliwa.

Basi kwa nini saa ishirini na si miaka? Sitaki kudanganya: asili ina sehemu yake kubwa. Shampeni ni chachu kuliko uraka, ina kileo karibu mara mbili yake au zaidi, imefungiwa katika chupa nene yenye kizibo, na hewa, ambayo ndiyo rafiki wa siki, haimo. Tena chini ya mji wa Reims kuna mashimo makubwa yaliyochimbwa katika mawe ya chaki tangu enzi za Warumi, na humo baridi ni ile ile mwaka mzima, nyuzi kumi au kumi na moja. Lupaso katika Novemba ni nyuzi thelathini na zaidi. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta katika Bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland, chupa 168 katika meli iliyozama yapata miaka 170 kabla yake. Zilikuwa zimelala mita 50 chini ya maji, gizani, kwenye baridi kali. Zilipofunguliwa baadhi zilikuwa bado ni shampeni. Harufu yake ya kwanza ilikuwa mbaya, ya mnyama aliyelowa, kisha ikatulia na kutoa maua na moshi. Ungeuzamisha uraka Mikindani usingeyapata hayo.

Hata hivyo baridi, kioo na kizibo si vitu vya asili. Viliundwa, na vilichukua muda. Karne ya 17 mapovu ya Champagne yalikuwa balaa. Divai ililala wakati wa baridi ikidhaniwa imekwisha kuchacha, masika ikaamka na kupasua chupa. Mtawa Dom Pérignon, anayesifiwa kwa kuyabuni mapovu, alitumia miaka yake mingi kuyazuia. Ilihitaji vioo vigumu vya Waingereza, vizibo vya magome ya mti, na vizazi kadhaa vya watu waliovunja chupa na kuanza upya, mpaka kasoro ikageuka sifa. Walipata nafasi ya kukosea wakiwa mahali pamoja.

Hapa ndipo fikira zangu zinaposimama kila mara. Kuzeesha kinywaji kunataka mtu akae. Kunataka anayefunga chupa leo awe na yakini kwamba yeye au mwanawe ataikuta hapo hapo, na kwamba itakuwa mali yake. Sisemi kwamba Champagne haikuonja vita. Mwaka 1914 zabibu zilivunwa mizinga ikilia, na mji wa Reims ulipigwa mpaka mwaka 1918 huku watu wakiishi ndani ya yale mashimo, watoto wakisoma humo. Na mavuno ya 1914 yakaja kusifiwa sana. Lakini mashimo yalikuwapo, na vita vilipopita wenye chupa walirudi juu wakazikuta zile zilizosalia.

Linganisha na kwetu. Misheni ya Masasi ilivamiwa na kuteketezwa na Magwangwara mwaka 1882, watu wakakimbia. Mwaka 1905 Maji Maji, na Wajerumani wakajibu kwa kuchoma chakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1917 majeshi ya Mwingereza na Mjerumani yalipita hapa hapa, yakapigana Mahiwa mwezi wa Oktoba, na mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck akapita Newala kushuka Ruvuma, na kila jeshi lilikula ghala zilizokuwa njiani na kukamata wapagazi. Katika nchi ya namna hiyo mwenye akili alikula alichonacho. Akiba ilikuwa ni kumwandalia adui.

Halafu ukaja wakati wa korosho yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mikorosho ilipandwa kwa wingi, korosho ghafi zikapelekwa India kubanguliwa, na kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya kama tani 145,000. Mwaka 1974 watu walihamishwa kwa nguvu ya dola kuingia vijiji vya ujamaa. Mkorosho hauhamishiki. Wengi waliachana na miti yao umbali wa saa kadhaa kwa miguu, miti ikamezwa na pori; bei aliyolipwa mkulima ikawa duni; ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia na kuunguza maua; na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970, vikiwamo vya Masasi na Newala, vilinyamaza, na vilipobinafsishwa baadaye, katika zama za Rais Benjamin Mkapa, ambaye ni mzaliwa wa Lupaso na ndiko alikozikwa mwezi Julai 2020, kadhaa viligeuzwa maghala. Baadaye salfa na juhudi za watafiti wa Naliendele ziliirudisha mikorosho, na msimu wa 2017/18 ukafikia tani 313,000 hivi.

Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi, na mara nyingi nimejiuliza swali la kitoto: mabibo yako wapi? Tani 313,000 za korosho maana yake ni mabibo tani milioni moja na nusu kwa uchache. Sehemu ndogo ilinywewa. Iliyobaki iliozea chini ya miti. Sijui kama kuna tunda lingine katika nchi hii linalozaliwa kwa wingi huo na kutupwa kwa wingi huo. Korosho ina bodi, ina chama, ina stakabadhi ghalani tangu 2007, na mwaka 2018 ilipata hata askari wa kuinunua. Bibo ni mali ya aliyeinama.

Na aliyeinama, anapotaka kuweka kitu mpaka Machi, ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kuanika mabibo mpaka yakauke yawe kochoko, myeusi na migumu kama ngozi, nayo huwekwa guniani na kuloweshwa baadaye. Ya pili ndiyo kochoko huishia humo mara nyingi: kukeneka gongo. Serikali ya mkoloni ilipiga marufuku, na nchi huru ikaendelea. Mwaka 1966 Bunge lilitunga sheria ya pombe ya moshi, kwamba asikeneke asiye na leseni. Sababu zilikuwapo na zingalipo. Gongo mbaya inapofusha na kuua, na hakuna kijiji chetu kisicho na kaburi lake. Siitetei. Nasema tu kwamba sheria hiyo ilikuwa na tokeo moja ambalo watunga sheria pengine hawakulifikiri: ilihakikisha kwamba hakuna gongo itakayozeeka. Nani atakayeweka uvunguni kwa miaka mitatu pipa la ushahidi wa kosa lake? Gongo hutoka mtamboni ikanywewa ingali na joto, kwa haraka, gizani. Pombe ambayo ingeweza kukaa ilinyimwa nafasi ya kukaa, na ile isiyoweza kukaa ndiyo iliyoruhusiwa kilabuni mchana. Wakati huo huo Dodoma, ambako mizabibu ilipandwa na wamisionari, ilipata shirika la umma la kutengeneza mvinyo. Zabibu ilikuja na vyeti vyake. Bibo halikuwa na vyeti.

Nachukia watu wanaomaliza habari kama hii kwa kusema tungekuwa Ufaransa. Hatungekuwa. Uraka wa saa tisa, uliopozwa kivulini, katika kata ya kibuyu, ni kitu kamili, na kuna hasara kumfundisha kijana kwamba kitu kisichozeeka hakina thamani. Lakini mwanamke wa Lupaso mwenye ndoo tano Oktoba na watoto wa kupeleka shule Januari hakusaidiwa na ukamilifu huo. Bei ya uraka hufa pamoja na uraka. Angepata miezi mitatu tu ya kuuweka, angeuza anapotaka yeye, si inapotaka siki.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimefundisha watu kutengeneza juisi, jamu na mvinyo wa mabibo, na vikundi kadhaa vya akina mama vimejaribu. Kikundi kimoja kiliniuzia chupa mbili, za bia zilizooshwa, zenye visoda vipya. Nilipoonja ya kikundi siku ile ile, kikombe cha majaribio, ulikuwa mkali, wa kukausha ulimi, na mwenzangu akasema hauna soko. Mimi nilikunja uso nikanunua. Ya kwanza niliifungua baada ya miezi kumi na minne, ikiwa imelala kwenye shimo la mchanga chini ya kitanda, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Rangi ilikuwa ya chai nyepesi. Ukakasi ulikuwa umepungua zaidi ya nusu, uchachu ulikuwapo, siki haikuwapo. Ilinukia kochoko iliyoloweshwa, na nyuma yake kitu kama asali ya mtini. Haikuwa tamu, wala haikuwa ya kumpa mgeni mkubwa. Kwa kadiri ya kinywa changu ilikuwa na mwaka mmoja mbele yake, si miwili. Kisoda kilikuwa kimeanza kutu upande wa ndani, na hilo ndilo la kuwaambia akina mama kwanza, kabla ya habari ya ladha: watafute vizibo vizuri. Ya pili bado iko mchangani.